Mabomba Mawili ya Jua

Watu hawawezi kuona ukuta mtupu wakauacha ulivyo. Fundi umeme wa jengo la Mama Dawa alikuwa ameliona jambo hilo mpaka limemkaa kooni. Ndani ya chumba cha umeme, kando ya swichibodi kuu, alikuwa ameacha ukuta mmoja tu usio na kitu: si waya, si soketi, si hata msumari. Asubuhi moja akakuta ngazi imeegemezwa pale. Akaiondoa. Kesho yake makopo ya rangi yalikuwa yamepangwa hadi usawa wa kifua. Akayaondoa, na mgongo ukamuuma. Alipotoka kidogo kwenda kununua nati, mtu ambaye mpaka leo hajajitaja akapigilia misumari na kutundika koti, mfuko wa chakula na kioo cha kunyolea ndevu.

"Lakini pale hapana kazi," msimamizi wa ujenzi alimwambia alipokwenda kulalamika. "Sasa watu watundike wapi?"

"Pana kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kukaa wazi."

Msimamizi alimtazama kama mtu anayejiuliza amwite daktari au amwite mumewe. Mume hakuwa naye, kwa hiyo msimamizi akaishia kukohoa na kwenda zake kuhesabu mifuko ya saruji.

Jengo lenyewe halikuwa kubwa la kutisha. Chini palikuwa na duka la dawa na stoo yake, juu ofisi za kupangisha, na kwa nyuma, mlango wa pembeni, chumba cha umeme. Mwenyewe alikuwa mfamasia mjane ambaye wateja walimwita Mama Dawa hata wakasahau jina alilozaliwa nalo. Katika duka lake la zamani, la kupanga, umeme ulikuwa ukikatika utakavyo, na kila ulipokatika alihangaika na mabarafu kuokoa dawa za sindano zilizokuwa kwenye friji. Mara nyingine aliwahi. Mara nyingine alizitupa, kisha akakaa nyuma ya kaunta akiwaambia wagonjwa wa kisukari wajaribu kwingine, na wengine hawakuwa na kwingine.

"Mwanangu," alimwambia fundi siku walipokutana, "paneli za jua leo siziwezi. Jengo limenimaliza. Ila siku nitakapoziweza, sitaki kusikia nyundo humu ndani. Sitaki vumbi kwenye dawa. Waje, wapande juu, wapitishe nyaya zao, washuke, waondoke. Unaweza kunifanyia hivyo?"

"Naweza, mama."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Basi ahadi yenyewe ndiyo hiyo, na ndiyo iliyomgeuza kuwa mlinzi wa hewa. Aliagiza swichibodi kubwa kuliko mahitaji ya leo, akaacha ndani yake nafasi za swichi ambazo hazijanunuliwa. Akaacha ukuta ule wa kufungia inveta, chombo kinachogeuza umeme wa jua uweze kuendesha friji na taa. Juu ya paa, upande usiopata kivuli, akachora mstari mwekundu kuzunguka mahali pa paneli. Na kutoka paani hadi chumba cha umeme, ndani ya shimo la wima lililoachwa kati ya kuta, akashusha mabomba mawili ya plastiki ya kijivu, matupu, kila moja na kamba ndani yake ya kuvutia nyaya siku hiyo ikifika. Bomba likiziba, au likijazwa kitu kingine, ahadi imekufa, maana shimo lile lingejengewa na kupakwa rangi na njia nyingine hapakuwa nayo. Tena hii ilikuwa kazi ya kwanza anayoisimamia mwenyewe, bila mkandarasi wa kumfokea wala wa kumfichia aibu.

Haya yote angeyaweza. Asiyemuweza alikuwa Shemeji.

Shemeji alikuwa fundi bomba wa jengo hilohilo, mume wa dada yake mkubwa, na mtu ambaye huwezi kumnunia ukamaliza siku. Pale kazini wote walimwita Shemeji, hata msimamizi, hata Mama Dawa aliyemzidi umri, kwa sababu fundi umeme alimwita hivyo mbele yao na jina likanata. Ndiye aliyempeleka kwa Mama Dawa na kumsifia mpaka mwenyewe akaona haya. Ndiye, zamani, baba yao alipokataa katakata binti yake kusomea umeme, aliyekaa na mzee sebuleni akamvunja mbavu kwa vichekesho, mpaka mzee akajifuta machozi na kusema haya, aende akapigwe shoti. Toka siku hiyo Shemeji akambatiza jina la Shoti, na kwa hasira alizokuwa nazo yule binti, jina likamkaa kama alishonewa.

Baina yao hapakuwa na neno lililosemwa bila kutiwa chumvi. Shemeji alimwita mke mdogo. Binti alimjibu kwamba hata huyo mke mkubwa alimpata kwa bahati nasibu. Shemeji akija na shati jipya anaulizwa kaliiba kwenye kamba ya nani. Akichelewa chakula cha mchana anaambiwa ndoa imevunjika, sahani imepewa mwingine. Nyumbani utani ule ulikuwa mtamu, ungekaa usikilize usitake kuondoka.

Kazini ulikuwa unamla binti. Akisema kitu kwa ukali, Shemeji anakipokea juujuu, anakigeuza, na wanaume wote wanacheka. Wakishacheka, agizo limekufa. Baadaye akimwambia mpaka rangi asimwage maji karibu na soketi, mpaka rangi naye anatabasamu, akisubiri sehemu ya kuchekesha.

Siku moja alipanda paani akakuta jukwaa la matangi ya maji linaanza kujengwa katikati kabisa ya mstari wake mwekundu.

"Shemeji, hapa ni mahali pa paneli."

"Paneli zipi, mke mdogo?" Shemeji alitazama huku na huku, akainama, akachungulia chini ya ndoo. "Au zimeniona nakuja zikajificha?"

Wabeba tofali wakaweka mizigo chini ili wacheke vizuri.

"Tangi likikaa hapa litatia kivuli. Kivuli kikiangukia paneli moja, na zile zilizoungwa nayo zinalegea. Litoe."

"Msikieni anavyonifokea. Na bado hatujaoana."

Aliyahamisha matangi, ni kweli. Aliyahamisha siku iliyofuata, baada ya kugundua kwamba upande wa pili ungempunguzia bomba la kuvuta, akatangaza kwa sauti kwamba mwanamume anayetaka amani hasogei mpaka abembelezwe. Fundi umeme alisimama akiwa na chaki mkononi, meno yakiwa yameumana, akijua kwamba ameshinda lakini si kwa neno lake. Hilo lilimkera kuliko kama angeshindwa.

Ulipokaribia wakati wa kujengea lile shimo la mabomba, alimshika Shemeji mkono akampeleka ghorofani, wakasimama mbele ya shimo, wakiwa na msimamizi na waashi wawili.

"Haya mawili ya kijivu," alisema, "ni ya jua. Yako mengi humu, ya kwako ni yale ya bluu na yale meupe. Haya usiyaguse. Usiyakate, usiyaunge, usiyatundikie kitu."

"Yana nini ndani?"

"Hayana kitu."

"Yana hewa," Shemeji aliwaeleza waashi kwa huruma. "Mwenzenu ameajiriwa kulinda hewa. Usiku analala nayo."

"Shemeji, nasema kweli. Ukiyagusa namchukua dada yangu anarudi kwetu."

Lo, alijuta neno lile lilipokuwa bado mdomoni. Lilitoka kwa mazoea, kama mguu unavyokanyaga ngazi ya nyumbani gizani bila kuulizwa. Shemeji akapiga magoti pale kwenye vumbi la saruji, akakunja mikono, akawaomba waashi wamsaidie kumbembeleza shemeji yake asimnyang'anye mke, maana hajui hata chumvi inakaa wapi. Msimamizi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Hata yeye mwenyewe, Mungu amsamehe, alicheka kidogo. Wakashuka chini, na hakuna aliyekumbuka kwamba palisemwa jambo.

Jumapili yake alikwenda kwa dada. Aliingia kwa mlango wa jikoni kama kawaida, akafunua sufuria, akajipakulia, akala kwa kusimama. Shemeji alikuwa ametoka. Dada alikuwa sebuleni anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa.

"Mumeo atanitoa roho," alisema, akakaa sakafuni kumsaidia kukunja.

"Kafanya nini tena?"

"Hanisikilizi. Kila ninachosema ni kichekesho. Nina ahadi ya mtu pale, dada. Nikiharibu hii, nani atanipa nyingine? Watasema si tuliwaambia, mwanamke na umeme wapi na wapi."

"Anakupenda, ndiyo maana anakutania."

"Najua ananipenda. Nataka aniogope kidogo."

Dada alicheka, kisha akaacha kucheka. Alilaza shati la mumewe mapajani, akalinyoosha kola kwa kiganja.

"Mwambie mkiwa wawili. Mkalishe chini, umwambie taratibu. Ila usimvunjie heshima mbele ya watu. Yule anacheka na kila mtu, lakini ndani ni mtu wa haya sana. Ukimuumbua mbele za watu hutampata tena. Mimi namjua."

Aliahidi. Na alijaribu, kwa haki ya Mungu alijaribu. Jumatatu alimvizia Shemeji wakati wa mapumziko, akamwambia ana mazungumzo naye ya faragha. Shemeji akawageukia wenzake akawauliza wamemsikia, mke mdogo anataka faragha, na yeye mtu mzima ana presha. Faragha ikafia hapo. Jumanne alijaribu tena, Shemeji akawa ndani ya tangi, sauti inatoka kama ya pipa. Baada ya hapo waashi walilijengea shimo, mpaka rangi akapita juu yake, na yeye akajiambia basi, hatari imekwisha, mabomba yamefungiwa salama.

Siku ya kujaribu viyoyozi lilikuwa joto la kuchoma utosi. Mama Dawa alikuwa aje mchana kulikagua jengo, kwa kuwa friji za dawa zilitarajiwa kuletwa wiki hiyohiyo. Asubuhi waliwasha viyoyozi vyote vya ofisi za juu kwa pamoja, na jengo likapoa, na watu wakaanza kutafuta visingizio vya kupanda ghorofani. Fundi umeme alizunguka na kipimo chake akikuta kila kitu kinasoma kama alivyotaka. Kwa mara ya kwanza toka kazi ianze, uso wake ulilegea.

Akaingia chumba cha umeme kuandika namba za swichi. Hapo akasikia tone.

Alidhani ni masikio. Akasimama. Likadondoka jingine. Akainua macho kwenye ule ukuta wake mtupu, na pale juu, kwenye mdomo wa bomba la kijivu la kwanza, kifuniko kilikuwa kimesukumwa nje, kamba ya kuvutia nyaya inaning'inia imelowa, na maji yanafuata kamba, yanashuka ukutani. Yalikuwa yameshafika sakafuni. Yalikuwa yamejipangia njia ndogo, bila haraka, kuelekea chini ya swichibodi.

Alizima swichi kuu. Jengo zima likanyamaza, viyoyozi, mashine ya kukata vigae, redio ya mpaka rangi. Alitoka nje, akaenda kufunga njia ya umeme kule kwenye mita pia, kisha akapanda ghorofani akiruka ngazi.

Alijua kabla hajafika. Mabomba ya kutolea maji ya viyoyozi, yale membamba meupe, yalikuwa yamekusanywa vizuri juu ya dari, yamefungwa kwa vibanio kwa umbali sawasawa, yanaelekea kwenye lile shimo lililojengewa na kuingia ukutani. Kazi safi. Kazi ya mtu anayejua anachofanya. Alichukua nyundo ya mwashi bila kuomba, akapiga ukuta mpya uliopakwa rangi. Alipiga kama mtu anayevunja kitu chake mwenyewe. Tofali lilipoanguka ndani alikiona: kiungo cha njia tatu, kimegandishwa kwa gundi na kuzungushiwa silikoni, na bomba la Shemeji linamimina maji ndani ya bomba la jua.

Aliposhuka, watu walikuwa wamekusanyika nje ya chumba cha umeme, wanauliza kulikoni. Msimamizi alikuwa mlangoni. Mama Dawa alikuwa ameshafika, mkoba begani, anayatazama maji sakafuni. Na Shemeji alikuwa akija kutoka upande wa nyuma, anajifuta mikono kwa tambara, anatabasamu tayari.

"Mke mdogo," alisema kwa mbali, "nimekukosea nini mpaka unikatie umeme mchana kweupe?"

Watu wakaanza kucheka.

"Usiniite hivyo."

Hakupaza sauti. Pengine angepaza sauti wangecheka zaidi. Lakini ilikuwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, hata yeye hakuwahi kuisikia, na vicheko vikakatika kimoja kimoja.

"Mimi si mke wako, wala hapa si sebuleni kwako. Mimi ni fundi umeme wa jengo hili na wewe ni fundi bomba. Umechukua bomba la umeme ukalitia maji. Yamekuja mpaka hapa, chini ya swichibodi, ikiwa inafanya kazi. Angeingia mtu kupiga deki miguu mitupu, saa hizi tungekuwa tunambeba."

Tabasamu la Shemeji lilibaki usoni, limekosa pa kwenda.

"Nilidhani lile bomba linatokea nje," alisema. "Limeshuka mpaka chini, tupu. Mimi nilikuwa sina njia ya maji ya viyoyozi, waliibadilisha ramani. Nikaona..."

"Nilikwambia usiyaguse. Mbele ya msimamizi, mbele ya waashi."

"Uliniambia." Alitazama lile tambara mkononi. "Uliniambia pia utamchukua dada yako. Siku zote tunataniana, Shoti. Ningejuaje kwamba hilo ndilo ulilolisema kweli?"

Hapo palikuwa na mahali pa kusimama. Angeweza kusema basi, tuonane baadaye. Dada alimwambia, na maneno ya dada yalimjia yote, mpaka kiganja kilivyonyoosha kola. Lakini Mama Dawa aliuliza, kwa upole wake wa kaunta, kosa hili ni la nani, na fundi umeme alikuwa amejaa mpaka pomoni: ngazi, makopo ya rangi, kioo cha kunyolea ndevu, jukwaa la matangi, vicheko vyote vya tangu msingi.

"Ni lake," alisema, akanyoosha kidole. "Tena si bahati mbaya, mama. Ni mtu asiyejua wapi pa kucheza na wapi pa kazi. Mtu mzima, anapiga magoti kwenye vumbi kuchekesha watu, halafu anatia maji kwenye umeme. Nimechoka naye."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mpaka rangi aliangalia viatu vyake. Shemeji alikunja lile tambara mara mbili, akalitia mfukoni, na uso wake ukafunga kama duka.

"Sawa, fundi," alisema. "Nitalitoa."

Alilitoa mwenyewe, hakumtuma mtu. Alikata kile kiungo, akaweka kipande kipya cha bomba la kijivu, akatafuta njia ya kupitisha maji yake nje ya ukuta wa nyuma, mbali na kila kitu cha mtu yeyote. Alipomaliza akaleta matambara makavu na kamba mpya, akasimama paani, fundi umeme chini, wakavuta matambara ndani ya bomba mpaka yakaanza kutoka makavu. Walisemezana maneno ya kazi tu. Vuta. Subiri. Basi. Fundi umeme aliupima kila waya wa swichibodi, akaikausha, akaiwasha. Haikuwa imepata madhara.

"Nyundo nilisema sitaki kuisikia," Mama Dawa alisema akikagua ukuta uliotobolewa. "Lakini afadhali leo kuliko siku friji zimejaa. Umeitunza ahadi yako, mwanangu."

Kutoka siku hiyo neno lake lilipata uzito pale kazini. Msimamizi alimuuliza kabla ya kutundika kibao cha namba ya mlango. Mwenye koti alikwenda kutundika kwingine. Waashi walipita mbali na ule ukuta kana kwamba una usingizi wasiotaka kuukatiza, na jina la Shoti halikusikika tena. Alikuwa Fundi, na wengine Mhandisi, ingawa cheo hicho hakuwa nacho. Shemeji alimsalimia kila asubuhi. Alimuuliza kwa heshima kama anaruhusiwa kuweka ngazi hapa, kama anaweza kupitisha bomba pale, na akijibiwa anasema asante. Hakukosea tena hata kitu kimoja.

Ndicho alichokitaka. Alijiambia hivyo kila siku. Hata hivyo alikuwa akijikuta ametunga la kumkera Shemeji, zuri kabisa, akageuka kulisema, akaona mgongo wake.

Jengo lilipokabidhiwa alikwenda kwa dada. Alichelewa kwenda kwa makusudi, akingoja mambo yapoe. Alizunguka hadi mlango wa jikoni kama kawaida, akaukuta umefungwa kwa ndani. Akarudi mbele, akabisha hodi.

Aliyefungua alikuwa Shemeji. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

"Karibu," alisema. "Karibu sana. Pita ndani."

Alimpisha, akamwonyesha kiti kikubwa, kile cha karibu na dirisha. Akamuuliza habari za kazi. Akamuuliza kama Mama Dawa ameridhika, akasema amefurahi kusikia hivyo. Dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, anamtazama mdogo wake, macho yake hayana ugomvi wala hayana msaada.

Fundi umeme alikaa kwenye ncha ya kiti. Alikuwa amekuja kuomba msamaha, lakini msamaha hakuwahi kumwomba Shemeji hata siku moja maishani, hakujua unaanzia wapi. Akashika njia pekee aliyoijua.

"Hivi mume wangu," alisema, "umeshaniacha, au ni ubahili tu? Toka niingie sijapewa hata maji."

Alingoja. Shemeji alimtazama, na kwa kitambo kidogo kitu kilipita kwenye kona ya mdomo wake, kikataka kutoka. Kisha akainuka, akanyoosha shati, akageukia jikoni.

"Samahani sana," alisema. "Mke wangu, mletee mgeni maji ya kunywa."

Dada akaenda kabatini, akatoa glasi ya mguu, ile ya wageni, ambayo katika nyumba hiyo fundi umeme hakuwahi kuinywea, akaifuta vumbi, akamletea maji juu ya sinia.